Hongo ya Angani: Historia Fupi ya Safari ya Kigali na Brussels

Ukipata tufe la kufundishia jiografia na kipande cha uzi, shika ncha moja ya uzi juu ya Kigali na nyingine juu ya Brussels, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi utatoka Kigali kuelekea kaskazini na kidogo magharibi. Utapita Kabale nchini Uganda, utagusa Ziwa Edward, utapita karibu na Beni mashariki mwa Kongo, utakata pembe ya Sudan Kusini, kisha Darfur, Chad na Libya, utavuka Mediterania na Italia, na ndipo utakapofika Ubelgiji. Urefu wake ni takriban kilomita 6,360. Ndege kubwa ya siku hizi, inayokwenda kilomita 850 hivi kwa saa, ingeumaliza mwendo huo kwa saa saba na nusu. Tukiongeza muda wa kupaa na kushuka, tuseme saa nane.

Hesabu hiyo ni sahihi, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Tatizo ni kwamba haimwambii msafiri atafika lini. Tangu Mzungu wa kwanza aivuke Rwanda mwaka 1894, uzi ule haujarefuka wala kufupika hata kwa mita moja, lakini muda wa safari umekuwa miezi, ukawa wiki, ukawa siku, ukawa saa, na mwaka 2025 ukaanza kurefuka tena. Aghalabu sifa ya kufupisha safari hupewa injini. Mimi naona injini inastahili nusu tu ya sifa hiyo. Nusu iliyobaki ni ya jambo ambalo watu wa misafara ya pwani walikuwa na jina lake, nalo ni hongo.

Neno hili linahitaji maelezo kidogo, maana siku hizi mtu akisikia hongo humfikiria karani anayechelewesha faili mpaka apewe kitu. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi. Mtemi au mkuu wa nchi aliutoza msafara uliotaka kupita katika eneo lake, ukanywa maji ya visima vyake na kununua nafaka kwa watu wake. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za madini. Ugogo, nchi kavu iliyokuwa katikati ya njia ya kutoka pwani kwenda Tabora, ilipata sifa kubwa kwa jambo hilo. Msafara ungeweza kukaa kambini siku kadhaa wakijadiliana idadi ya doti, huku wapagazi wakila akiba yao. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana katika vitabu vyao. Mwenye kisima naye hakuandika kitabu, na kwa hiyo upande wake wa hoja haukusikika sana: maji yalikuwa machache, na misafara ilikuwa mikubwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kirangozi aliyeutangulia msafara alijua hesabu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa miguu, yaani kilomita 15 hadi 25 kwa siku, kutegemea mzigo, jua na mito. Ya pili ni idadi ya wakuu waliokuwa njiani na tabia zao. Aliyeijua hesabu ya kwanza peke yake hakuweza kusema msafara utafika lini.

Rwanda yenyewe haikuwa hata nchi ya hongo. Ilikuwa nchi ya mlango uliofungwa. Mwami Kigeli Rwabugiri hakuwapa nafasi wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamekwisha kuenea Unyamwezi, Karagwe na Manyema, na ndiyo sababu Kiswahili kilichelewa kuingia hapa kuliko kwa majirani. Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi Mjerumani, aliondoka Pangani mwezi wa Desemba 1893 akiwa na mamia ya wapagazi na askari. Alivuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo mapema Mei 1894, akakutana na Rwabugiri huko Kageyo mwishoni mwa mwezi huo, akafika Ziwa Kivu mwezi wa Juni. Kutoka Pangani hadi Rusumo kwa mstari mnyoofu ni kilomita 970 hivi. Ukigawanya kwa siku alizotumia, zaidi ya 130, unapata kama kilomita saba kwa siku, yaani nusu au theluthi ya uwezo wa miguu ya wapagazi wake. Siku zilizobaki zilikwenda katika kuzunguka, kutafuta chakula na kujadiliana na wenye nchi. Alifika upande wa Atlantiki kupitia misitu ya Kongo mwishoni mwa 1894. Msafara mzima ulikula karibu mwaka mmoja, tena bila kuhesabu meli za kumtoa na kumrudisha Ulaya.

Wakati huo mji wa Kigali ulikuwa bado. Richard Kandt, daktari aliyekuwa amefika Rwanda mwaka 1898 kutafuta chanzo cha Nile, alianzisha makao yake hapa mwaka 1907 alipoteuliwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani. Njia yake ya kwenda Ulaya ilikuwa ile ile ya kuelekea pwani. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipangwa tawi litoke Tabora lielekee Rwanda. Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza, na tawi hilo halikufika.

Wabelgiji waliiteka Kigali mwaka 1916, na baada ya vita wakaachiwa Rwanda na Burundi kuzitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Hapo ndipo Kigali ilipofungwa na Brussels kwa kamba ya utawala. Lakini mizigo haipiti kwenye kamba ya utawala. Ilibidi ipite Dar es Salaam, ambako sasa alikuwa Mwingereza. Suluhisho lao linafurahisha kulisoma. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliwakodisha Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, daima dumu, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Faranga moja! Mtemi wa Ugogo angecheka mpaka machozi yamtoke. Bila shaka aliyeweka bei hiyo hakuwa mwenye kisima. Mwenye kisima alisema neno lake Novemba 1961, muda mfupi kabla ya uhuru, pale Julius Nyerere alipoliambia Bunge la Tanganyika kwamba mtawala aliyekuwa na mamlaka ya muda hakuweza kutoa ardhi ya nchi kwa muda usio na mwisho.

Tuje kwenye ndege. Mnamo tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels kwa ndege ya injini tatu, wakielekea Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Walitua huko tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Katika siku zote hizo walikuwa angani kwa saa 75 hivi tu. Yaani kwa kila saa moja ya kuruka, walikaa chini saa 15 wakitengeneza, wakisubiri hali ya hewa, wakitafuta mahali pa kutua. Ninapenda kuwapa wanafunzi mfano huu wanapochanganya muda wa kuruka na muda wa safari, kwa maana hapa tofauti ya viwili hivyo inaonekana wazi kama mchana na usiku.

Miaka kumi baadaye, Februari 1935, shirika la Sabena lilianza safari za ratiba kati ya Ubelgiji na Kongo. Zilichukua siku tano na nusu. Ndege za wakati huo hazikuruka usiku, hivyo abiria walilala njiani hotelini. Si injini peke yake iliyoondoa siku 45 katika miaka kumi. Kilichoziondoa hasa ni viwanja, mafuta yaliyowekwa tayari jangwani, na ruhusa ya Ufaransa, kwani sehemu kubwa ya njia ilipita juu ya makoloni yake, kuanzia Algeria hadi Chad na Ubangi. Ubelgiji ilikuwa nchi ndogo yenye koloni kubwa la mbali, na katikati yake alikaa jirani mwenye anga.

Anga hiyo ilipewa sheria mwaka 1944. Mataifa yalikutana Chicago, na mkataba uliotiwa saini tarehe 7 Desemba ulitamka katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ndege ya ratiba haipiti bila ruhusa. Inapopita, nchi hutoza ada, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kwa uzito wa ndege na umbali iliosafiri katika anga ile. Sijui kama wanasheria wale waliwahi kusikia habari za Ugogo, lakini walichokiandika ni hongo, kwa maana yake ya zamani na ya heshima: nchi ina mwenyewe, na apitaye hulipa au huzunguka.

Wakati wa Wabelgiji makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu 6,000 hivi ilipofika siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Kwa usiku mmoja Usumbura ikawa mji mkuu wa nchi nyingine. Rwanda, isiyo na bahari wala reli, ilihitaji mlango wake, na mlango huo ukawa Kanombe. Uwanja uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, mabawa hushika kidogo, na ndege iliyojaa mafuta ya saa nane huhitaji barabara ndefu ya kupaa. Ile ya Kanombe ina mita 3,500. Baridi ya usiku husaidia, maana hewa baridi ni nzito zaidi. Hata hivyo kwa miaka mingi abiria wa Ulaya walizoea kutua kwanza Entebbe au Bujumbura, wengine wakipanda na wengine wakishuka. Saa nane za uzi zikawa kumi za abiria.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo kwa faida ya wanaofundisha lugha. Mnyarwanda husema *indege*, na uwanja ni *ikibuga cy'indege*. Ni ndege yetu ile ile iliyovaa kiambishi cha huku. Saa nazo tunazihesabu kwa namna moja: *saa moya* ni saa moja asubuhi, *saa mbiri* ni saa mbili, na jua ndilo linaloanza hesabu. Tiketi lakini huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tiketi inayosema 20:15 ina maana ya saa mbili na robo usiku, na kuna watu wazima walioachwa na ndege kwa sababu ya hizo saa sita. Ongeza na majira. Kigali iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo ndege inayotumia chini ya saa mbili kutoka Dar hufika hapa, kwa saa za ukutani, muda usiozidi saa moja baada ya kuondoka. Brussels nayo huwa nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi, na wakati wa kiangazi chao saa zetu hulingana kabisa. Muulize mwanafunzi, "Ndege ilichukua muda gani?" na utapata majibu matatu, yote yakiwa na sababu.

Njia hiyo ya Dar es Salaam na Kigali haiwezi kutajwa bila kuitaja tarehe 6 Aprili 1994. Jioni ya siku hiyo ndege iliyokuwa ikimrudisha Rais Juvénal Habyarimana kutoka mkutanoni Dar es Salaam, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza usiku ule ule. Kesho yake askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa. Siku chache baadaye ndege za kijeshi za Ufaransa na Ubelgiji zilianza kutua Kanombe kuwachukua raia wa kigeni.

Katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamejificha chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji. Tarehe 11 Aprili askari wale waliamriwa kuondoka. Kutoka Kicukiro hadi Kanombe ni kilomita chache tu, mwendo ambao mtu mwenye afya anaumaliza kwa miguu kabla ya chai kupoa kwenye chupa. Magari yaliyowabeba wageni yalikwenda. Watu wa ETO walibaki, na wengi wao waliuawa siku ile ile, baada ya kuswagwa kwa miguu hadi Nyanza ya Kicukiro, ambako leo pana kumbukumbu yao. Mgeni aliyetoka ETO aliweza kulala Ulaya kesho yake. Kwa Mnyarwanda aliyesimama naye ua mmoja, kiwanja kile kilikuwa mbali kuliko Brussels. Sioni kipimo cha kilomita kinachoweza kulieleza hilo. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alikuja Kigali na kuomba radhi tarehe 7 Aprili 2000.

Sabena ilifilisika Novemba 2001, na shirika lililochukua nafasi yake likaendelea kuleta ndege Kigali. Rwanda nayo ilianzisha shirika lake mwaka 2002, likiitwa Rwandair Express, na tangu 2009 RwandAir. Lilianza na safari za jirani. Ndege kubwa ya kwanza aina ya Airbus A330 ilipokelewa mwaka 2016, na Julai 2017 RwandAir ikaanza kwenda Brussels. Sasa mkia uliopita kwenye uzi wetu ulikuwa na rangi za Rwanda. Waliosafiri miaka ile watakumbuka jinsi ilivyokuwa jambo la kawaida: unakula chakula cha jioni nyumbani, unalala kiti kimepinda, unafungua macho juu ya Ulaya.

Kisha wenye visima wakaanza kufunga, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja kwa sababu zake. Anga ya Libya ilikuwa imeshakwepwa na mashirika mengi ya Ulaya tangu vita vya 2014. Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalizuka Khartoum, na anga ya Sudan ikafungwa kwa ndege za abiria. Njia ya magharibi, kupitia Kongo, Afrika ya Kati na Chad, ikawa ndiyo tegemeo. Februari 2025, wiki chache baada ya kundi la M23 kuiteka Goma, serikali ya Kongo ilipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda au zenye makao Rwanda kupita katika anga yake. Kinshasa iliilaumu Kigali kuwa inaliunga mkono kundi hilo, na Kigali iliikana tuhuma hiyo.

Rudi sasa kwenye tufe. Kongo imezuiwa, Sudan imezuiwa. Ndege ya Rwanda inayotaka kwenda kaskazini-magharibi hulazimika kwanza kuelekea kaskazini-mashariki, juu ya Uganda na Kenya, ikapite Ethiopia na pande za Bahari ya Shamu ndipo ikunje kuelekea Ulaya. Uzi hauwezi tena kukazwa, unapaswa kuwekwa misumari na kupindishwa. Kila pindo ni mafuta, kila tani ya mafuta ni mizigo au abiria waliobaki chini, hasa pale Kanombe penye hewa nyepesi. Na ada za kupita hulipwa kwa nchi nyingine kabisa, zisizo kwenye uzi. Injini ni zile zile za 2017.

Mwezi uliofuata, tarehe 17 Machi 2025, Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Wanadiplomasia wa Kibelgiji walipewa saa 48 kuondoka nchini. Kwa hesabu ya uzi, muda huo unatosha kufika Brussels mara sita. Kwa mwendo wa kirangozi, mtu aliyeondoka Kigali alfajiri angekuwa amepiga kambi ya pili, Rwamagana bado iko mbele yake.